Bwaise: mapacha wanatibiwa, wanapona, tunarudi uani palepale. Nihame?

MamaMapacha

Asalaam aleikum wote. Mimi ni Mnubi, mzaliwa wa Bombo, lakini huu ni mwaka wa sita naishi Bwaise, mtaa wa bondeni hapa Kampala, nakaanga chapati kando ya barabara. Nina mapacha wa miaka mitatu. Tangu mvua za Machi zianze nimewapeleka kituo cha afya mara nne: kuhara, kuhara, homa, tena kuhara. Wanapewa ORS na vidonge vya zinki, wanapona, tunarudi nyumbani. Wiki mbili haziishi.

Safari ya mwisho aliyekuwa zamu aliniuliza kwa ukali kama nawaosha mikono. Nawaosha! Sabuni nimeitoboa nikaifunga kwa kamba mlangoni isipotee. Hakuniuliza ninaishi wapi, na jibu lote lilikuwa hapo.

Uani kwetu tuko wapangaji tisa, kila mmoja na muzigo wake, yaani nyumba ya kupanga ya chumba kimoja, na choo ni kimoja. Kimejengwa juu, unapanda ngazi tano, kwa sababu huku bondeni ukichimba kidogo tu unakutana na maji. Chini ya ukuta wa choo kuna tofali moja lisilotiwa saruji, limeshindiliwa matambara. Mvua kubwa ikinyesha usiku, mtu anakuja na nondo analing'oa. Yaliyomo yote yanamwagika mtaroni, na mtaro ukifurika maji hayohayo yanaingia kwangu. Asubuhi yakishapungua yanaacha mstari mweusi ukutani. Wa juzi ulifika magotini mwa mapacha, na hapo ndipo wanapochezea.

Mwenye nyumba anasema gari la kunyonya choo haliwezi kuingia. Hapo hasemi uongo, kwenye kichochoro chetu hata boda inapita kwa kubembeleza.

Mama anataka nirudi Bombo. Uwanja wa kwao mkavu, mwembe upo, lakini chapati nitamuuzia nani? Na nilipojifungua kwa upasuaji, majirani wa ua huuhuu ndio waliofua nepi na kunipikia uji mwezi mzima. Kuna aliyewahi kuubadilisha ua kama huu, au nihame tu?

NesiKawempe

Pole sana mama. Uliyeulizwa vile si wewe peke yako, na ninaumia nikisikia, maana ni kazi yetu kuuliza mtu anarudi wapi.

Watoto wawili kuhara pamoja kila mvua inaponyesha, mimi ningetazama maji kwanza. Mnachota wapi? Kama ni chemchemi, hata iliyojengewa zege na bomba, ujue maji yale yamepita chini ya ardhi iliyojaa mashimo ya vyoo. Yanaweza kung'aa kama kioo na bado yana uchafu. Yachemshe mpaka yatokote kabisa, yahifadhi kwenye jerikani yenye mdomo mwembamba, na mimina, usichovye kikombe.

Homa ipimwe kabla ya kumeza dawa. Mbu wengi wanaozaliwa kwenye mitaro michafu si wale wa malaria. Wale wa malaria hupenda maji safi zaidi yaliyotuama: mashimo yaliyochimbwa udongo wa matofali, alama za magurudumu zilizojaa mvua. Kwa hiyo hata mtaro ukisafishwa, chandarua kibaki.

Na nakuomba wapimwe uzito kila mwezi. Mtoto anayeharisha kila mara utumbo wake unashindwa kunyonya chakula, anadumaa polepole huku unamwona anakula.

Mzee_Bombo

Mwanangu, rudi nyumbani. Ukoo wako upo na ardhi kavu ipo. Ujanani mwangu bonde la Lubigi lilikuwa mafunjo matupu. Maji ya vilima yalishuka, yakatulia humo, yakachujwa taratibu. Binadamu amefukia kinamasi akajenga, maji yamekuja kutafuta mahali pake. Huwezi kushindana nayo kwa sabuni.

FundiGalpa

Shikamoo mzee. Lakini dada asihame kabla hajasikia hili.

Mimi nanyonya vyoo kwa galpa, pampu ya mkono. Haihitaji gari uani. Tunajaza mapipa ya lita 200, tunayafunga, tunayasukuma kwa toroli hadi barabarani, kisha pikapu inapeleka kwenye mtambo wa kusafisha majitaka wa Lubigi. Kinachotuchelewesha ni takataka: kavera (mifuko ya plastiki), nepi, nguo kuukuu, chupa. Lazima tuzivue kwanza kwa ndoano, na kila saa ya kuvua ni pesa yenu.

Kuna ua mmoja hukohuko bondeni, wapangaji kumi na mmoja. Walikuwa hivyohivyo, na tofali lao. Mama mmoja akashika ufunguo wa choo na daftari, kila chumba kikatoa kidogo kila Jumapili, na wakaenda kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la mtaa, pamoja na mwenye nyumba. Wakakubaliana nusu ya gharama ikatwe kwenye kodi. Siku tuliyonyonya, tofali lilitiwa saruji mbele ya watu wote. Wakaweka na gunia la takataka mlangoni mwa choo.

Sitakudanganya, maji ya mafuriko bado yanawaingilia, maana nyua za juu yao zinaendelea kufungulia. Wa juu na wa chini wanakunywa balaa moja, kwa hiyo usiishie uani kwako. Na hizo takataka msizitupe mtaroni. Tuliona Kiteezi tarehe 10 Agosti 2024, jalala la jiji la Kampala liliporomoka baada ya mvua likaua watu zaidi ya 30. Uchafu ukisukumwa mbali na macho unamwangukia mtu mwingine.

MamaMapacha

Nimewasoma wote, asanteni. Mzee, shikamoo, maneno yako nimeyapeleka kwa mama na ameyafurahia kuliko mimi.

Nesi, maji ni ya chemchemi, nayachemsha ya kunywa. Lakini vikombe nilikuwa navisuuza kwa yasiyochemshwa. Hilo sikuwahi kulifikiria.

Jana jioni nilizunguka milangoni. Sita wamekubali kuchanga, wawili wanangoja waume zao. Niliyemwogopa ni yule wa nondo, maana ni jirani wa ukuta mmoja. Alikaa kimya, halafu akasema mwenye nyumba humpa elfu kumi kila akifungua, na kwamba binti yake alilazwa wiki ileile ya mapacha wangu. Ameomba yeye ndiye atie saruji.

Fundi, unaweza kuja Jumamosi saa mbili asubuhi upime kina na utuambie mapipa mangapi? Ukifika stendi ya boda, ulizia mama chapati.