Bloku ya Land Rover 109 ina mchanga mweusi ndani: molasi, kostiki au umeme?

Mkonge109
Wakuu, salamu kutoka Ngamiani, Tanga. Nafufua Land Rover Series III ya petroli, ile injini ya cc 2286, gari lililotumika shamba la mkonge. Lilisifika kwa kuchemsha kila likipanda mlima. Rejeta ilizibuliwa, pampu ya maji ikabadilishwa, wapi! Sasa bloku (mwili wa chuma wa injini) iko chini, nimeng'oa vile vizibo vya bati vya ubavuni, na kwenye njia ya maji nyuma ya silinda ya nne nimekuta tabaka gumu kama zege. Juu kahawia, chini jeusi la chengachenga, tena lina kipande cha waya mwembamba. Huo waya umeingiaje? Na nisafishe kwa kitu gani: molasi, kostiki (soda kali ya kutengenezea sabuni), unga wa ndimu au umeme?

FundiGofu
Kostiki tu. Pipa, maji moto, bloku inatoka kama mpya. Mengine ni kupoteza muda.

Binti_Maabara
Kaka Fundi, kostiki inakula mafuta na rangi, kutu haiigusi. Na alichoeleza mwenzetu hakifanani na mafuta.

Mkonge, huo waya umezaliwa na injini. Bloku inapomiminwa kiwandani, nafasi ya kupita maji huachwa kwa kuweka umbo la mchanga uliogandishwa, na waya hutiwa ndani kulishikilia lisivunjike. Chuma kikishapoa, mchanga hutolewa kupitia yale matundu ya ubavuni, ndipo yanazibwa. Tumezoea kuambiwa vile vizibo ni kinga ya barafu, wakati Tanga barafu iko kwenye friji tu. Mchanga usipotoka wote, kutu inaukamata na maji hayazunguki vizuri. Kwa kawaida uchafu hulala nyuma, mbali na pampu.

Pima kwanza. Saga kidogo, pitisha sumaku, kisha dondoshea siki. Kikinaswa ni kutu, kikitoa povu ni chokaa ya maji, kisipofanya lolote ni mchanga.

Mkonge109
Ya kahawia imerukia sumaku. Nyeusi imetulia kimya, siki nayo haijaisumbua.

mzee_wa_stimu
Basi una vitu viwili, mwanangu, na dawa ni mbili. Mchanga hautayeyushwa na chochote kati ya hivyo ulivyotaja. Huo ni wa kuchokonoa: bisibisi ndefu, waya wa klachi uliochanuliwa ncha ukaufunga kwenye drili, halafu upepo wa kompresa. Vaa miwani.

Kutu mpe molasi. Sehemu moja kwa tisa za maji, bloku izame yote, uiache wiki mbili au tatu. Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wanayo, bei si ya kutisha. Inakula kutu, chuma kizima inakiacha karibu kilivyo. Chochote cha alumini kitoe kabla. Inanuka, na nyuki watakuja.

Chumbageni_Boy
Wiki tatu mzee! Umeme je? Unaizamisha kwenye maji ya magadi, unaiunganisha na chaja ya betri, siku chache tu.

Binti_Maabara
Kwa kitu cha wazi, umeme ni mzuri mno. Lakini unasafisha pale tu ambapo kipande cha chuma ulichounganisha na chanya ya chaja kinatazamana na kutu. Ndani ya bloku kuna kona hakitaziona kamwe. Magadi ya sokoni mara nyingi yana chumvi ya kawaida, nayo inaweza kutoa klorini. Chuma cha stenlesi usikitumie, kinaacha sumu ndani ya maji. Na fanyia nje, hewa inayotoka inashika moto.

Unga wa ndimu una kasi kuliko molasi, ila ukiusahau unaanza kula chuma chenyewe, na ukiutoa tu kutu mpya inajitokeza papo hapo. Mimi ningechagua molasi kwa sababu bloku haina haraka.

FundiGofu
Sawa dada, nimekuelewa. Lakini bloku yenye grisi molasi haitaishika, kwa hiyo kostiki itangulie. Bushi za kemshafti zitoke kwanza, kostiki inakula risasi na bati. Na ni kostiki inayotiwa kwenye maji, si maji kwenye kostiki, itakurukia usoni.

Jingine, usikimbilie kuchonga silinda. Ikishasafishwa, ziba matundu, ipimwe kwa presha. Nimeona bloku ambazo kutu ndiyo ilikuwa kizibo cha tundu. Ukishachonga na kulipa, ndipo maji yanatokea kwenye oili.

mzee_wa_stimu
Hapo Fundi kanena. Na ukiifunga, maji ya kisima cha pwani marufuku, yana chumvi. Kinga maji ya mvua, uyachanganye na kulanti (dawa ya rejeta).

Mkonge109
Nashukuru wote. Kesho nafuata molasi kwa mfugaji Pongwe. Jirani ameshaliona pipa uani, anaulizia nitaanza lini kuuza gongo.