Mjadala: Je, Mwanasheria Mkuu wa Kenya Apewe Muhula Usiokatizwa?

Tangu Dorcas Oduor aapishwe Agosti 2024 na kuwa mwanamke wa kwanza kuwa Mwanasheria Mkuu wa Kenya, baada ya miongo mitatu hivi katika kazi ya uendeshaji wa mashtaka, waliomsifu wametaja ujuzi wake na kwamba hakutokea kwenye siasa. Sina ubishi na sifa hizo. Ninachosema ni kwamba wasifu, hata uwe mzuri namna gani, haumlindi mwanasheria anayekalia kiti ambacho aliyemteua anaweza kumwondoa wakati wowote.

Kifungu cha 156 cha Katiba kinamtaka awe na sifa zilezile za Jaji Mkuu, ikiwemo uzoefu wa miaka isiyopungua 15, na aidhinishwe na Bunge la Kitaifa. Hata hivyo, Jaji Mkuu ana muhula wa hadi miaka 10 na haondolewi bila jopo kumchunguza, ilhali Mwanasheria Mkuu hana muhula wala kinga ya aina hiyo. Tarehe 11 Julai 2024, ghadhabu ya vijana kuhusu Mswada wa Fedha ikiwa bado haijatulia, Rais William Ruto aliwafuta kazi karibu mawaziri wote, na katika tangazo hilohilo akamfuta Mwanasheria Mkuu Justin Muturi. Januari 2025 Muturi, ambaye wakati huo alikuwa amerudishwa kama waziri, alieleza kwamba mwanawe alitekwa nyara Juni 2024 na kwamba ilimbidi amwendee Rais mwenyewe ndipo kijana aachiliwe. Tukio lenyewe lilitokea yeye akiwa mshauri mkuu wa sheria wa serikali, lakini masimulizi yake tuliyasikia alipokuwa amekwisha kuiacha ofisi hiyo.

Mfano unaoniuma zaidi ni wa Paul Kihara Kariuki, kwa sababu aliingia katika ofisi hiyo ya Mwanasheria Mkuu akitoka kuwa Rais wa Mahakama ya Rufani. Tume ya Huduma za Mahakama, ambayo Mwanasheria Mkuu ni mwanachama wake kikatiba, ilipendekeza majaji 41 mwaka 2019, na Rais Uhuru Kenyatta akakataa kuwateua. Mahakama Kuu iliamuru Februari 2020 kwamba wateuliwe, lakini waliapishwa 34 tu, tena Juni 2021, na sita waliobaki (mmoja alikuwa amefariki) wakasubiri hadi Septemba 2022, serikali ilipobadilika. Muda huo wote aliyekuwa na jukumu la kuitetea serikali mahakamani ni jaji wa zamani aliyejua vyema uhaba wa majaji unavyowaumiza wenye kesi.

Wapo wanaosema kwamba mteja ana haki ya kumbadilisha wakili wake. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama serikali ingekuwa mteja pekee, lakini kifungu hichohicho kinamwagiza Mwanasheria Mkuu alinde utawala wa sheria na kutetea maslahi ya umma. Pingamizi zito zaidi linatokana na mfano wa Amos Wako, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu tangu 1991 hadi 2011, kwa sehemu kubwa chini ya Katiba ya zamani iliyomlinda, na bado akalaumiwa kwa jinsi kesi za Goldenberg, kashfa ya malipo ya serikali kwa mauzo hewa ya dhahabu nje ya nchi, zilivyokwenda. Ni kweli kwamba kinga isiyo na kikomo hulea uzembe. Ndiyo maana napendekeza muhula mmoja wa miaka minane usiorudiwa, kama ule wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma.

Hata huo hautoshi peke yake. Noordin Haji aliuacha muhula wake wa ukurugenzi wa mashtaka mwaka 2023 akateuliwa kuongoza Idara ya Ujasusi, na mteule anayejua kwamba cheo kingine kinaweza kumngoja atapima kila ushauri anaoutoa. Kwa hiyo marekebisho yamzuie pia kupokea uteuzi mwingine wa Rais kwa miaka kadhaa baada ya kuondoka. Anayepinga atueleze ni kwa njia gani nyingine Mwanasheria Mkuu anaweza kumwambia Rais kwamba jambo fulani ni kinyume cha Katiba, kisha kesho yake akaenda kazini kama kawaida.