Tupeane uzoefu: kiungulia, chakula kukwama na kipimo cha kamera

Mwanzisha mada, Tabata: Habari zenu wanajamvi. Naomba waliougua au kuuguza magonjwa ya umio (njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni) na tumbo watueleze ugonjwa ulivyogundulika, maana hapa Dar es Salaam kila anayelalamika kifua kuwaka huambiwa ana vidonda vya tumbo, akanunua dawa ya kupunguza asidi duka la jirani, mambo yakaishia hapo. Naanza mimi. Baba yangu mdogo alianza kukwamwa na ugali, akawa anausukuma kwa maji. Baadaye wali nao ukamshinda, akabaki na uji na mtori. Akimeza, utamwona ameinyoosha shingo na kuweka kiganja kifuani, akisubiri tonge lishuke. Tulitibu vidonda mpaka alipopimwa kwa kamera, ule mpira unaoingizwa mdomoni hadi tumboni, kinyama kikakatwa kwenda maabara, na majibu yakasema ni saratani ya umio. Aliwekewa mrija wa kupanua njia ya chakula, akaweza tena kunywa supu, lakini ugonjwa ulikuwa umeshasambaa.

Mama Nasra, Mbagala: Pole sana kaka. Mimi nilipimwa choo, wakakuta bakteria aitwaye *Helicobacter pylori*, nikapewa antibaotiki za aina mbili pamoja na dawa ya asidi. Daktari alinieleza kwamba zamani lawama zote zilikuwa kwa mawazo na pilipili, hadi Waaustralia Barry Marshall na Robin Warren walipomhusisha bakteria huyo na vidonda; Marshall alimnywa mwenyewe mwaka 1984 ili kuthibitisha, na mwaka 2005 wakapewa Tuzo ya Nobel. Mwenzenu nilikuwa nimeacha pilipili bure.

Mangi wa Kimara: Sisi wa Kilimanjaro saratani hiyo ya umio inatugusa zaidi. Utafiti uliofanyika kwetu na kuchapishwa mwaka 2015 ulipima joto la chai watu wanapopiga funda la kwanza, na wastani ukawa zaidi ya nyuzi 70 za Selsiasi. Chai ya maziwa ndiyo iliyonywewa ya moto zaidi. Mwaka uliofuata, wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani ulitangaza kwamba vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 huenda husababisha saratani. Nyumbani, chai isiyounguza ulimi hurudishwa jikoni! Hata hivyo sikubali kwamba chai ndiyo mshitakiwa pekee, kwani sigara na pombe navyo vimo, na ukanda wenye wagonjwa wengi unaanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini, ambako si wote wanaokunywa chai kama sisi.

Mama Nasra: Mwanzisha mada, kamera inauma? Mama yangu anaigoma.

Mwanzisha mada: Haiumi sana, dada, ila inakera. Mgonjwa hali chochote tangu usiku, hupuliziwa ganzi kooni, hulala ubavu wa kushoto na kung'ata kifaa kidogo cha plastiki ili asiubane mpira kwa meno. Kichefuchefu kipo, na mate yaachwe yatoke, asiyameze. Kama chakula kinamkwama, usimwache aigome.