Bamia zimegoma kukauka

Zuhura: Assalaam alaykum wote. Shikamoo shangazi, shikamoo mjomba. Nina sahani ya bamia hapa, karibu nilie.

Shangazi Mwajuma: Waalaykum salaam, marahaba mwanangu. Zimefanyaje?

Zuhura: [picha]

Zuhura: Nilitaka zile za Kihindi, zinazokaangwa na unga wa dengu zikawa kavu. Zimeshikana donge moja. Ukiinua kipande kinavuta nyuzi. Unga wenyewe umebanduka, umeungulia chini ya karai.

Salim: Watoto wamekula?

Zuhura: Wamekataa hata kuonja. Na nilikuwa nawapikia wao! Bamia ya mchuzi hawaigusi kwa sababu ya ule ute, nikasema labda zikikaangwa.

Shangazi Mwajuma: Pole mama. Hebu eleza ulivyofanya, tangu kisu mpaka karai. Usiruke kitu.

Zuhura: Nimekata viduara, nikaosha, nikatia chumvi nikaziacha nusu saa. Halafu nikakoroga unga wa dengu na maji kama wa bhajia, nikachovya, nikakaanga.

Shangazi Mwajuma: Chumvi nusu saa nani kakuambia?

Zuhura: Si wewe shangazi, siku ile ya karela, lile tunda chungu.

Shangazi Mwajuma: Karela sawa. Karela tunaitia chumvi mapema makusudi, itoe maji, tuikamue, uchungu upungue. Bamia haina uchungu wa kukamua. Ukiitia chumvi ikakaa, unaita ute wote uje nje. Na umeosha baada ya kukata, hapo ndipo ulipoharibu mwanzo kabisa. Maji na ute wa bamia vikikutana basi tena.

Mjomba Idi: Nimefika. Marahaba Zuhura. Mwajuma amesema kweli. Mimi nimefanya kazi jikoni na mpishi wa Kihindi miaka mingi, na bamia alikuwa anaziosha asubuhi, anazifuta MOJA MOJA kwa kitambaa, kisha anazitandaza kwenye sinia. Kisu hakigusi mpaka zikauke kau. Na kisu chenyewe na kibao vikavu pia.

Mjomba Idi: Wao wanaiita kurkuri bhindi. Bhindi ndiyo bamia, kurkuri ni ile hali ya kulia ukitafuna.

Salim: Kwa hiyo ute unatolewa wote?

Mjomba Idi: Hapana, na hapa ndipo pazuri. Ule ute tunaouchukia ndio gundi ya unga. Unahitaji kidogo tu, ule unaotoka kwenye mkato. Ndiyo maana kurkuri hazichovywi kwenye uji wa unga. Unanyunyiza unga MKAVU juu ya bamia, wenyewe unashika. Uji ni kwa pakora, yaani bhajia, za vitunguu, viazi, mchicha.

Zuhura: Kumbe! Nipe vipimo mjomba, bado nina robo kilo.

Mjomba Idi: Kwanza chagua. Vunja ncha: changa inakatika ka! Iliyokomaa inapinda tu, hiyo weka kando, ina nyuzi, hata mafuta hayaisaidii. Kata kichwa na mkia, kisha pasua kwa urefu vipande 4, uwe na vijiti vyembamba. Mbegu zinazodondoka ziache zidondoke. Robo kilo hiyo: unga wa dengu vijiko 3 vya chakula, unga wa mchele kijiko 1. Manjano robo kijiko cha chai, pilipili ya unga upendavyo, uzile wa kusaga nusu kijiko cha chai, ajwain (zile mbegu ndogo za kiungo zenye harufu kali) kidogo ifikiche kwa kiganja ndipo utie.

Salim: Unga wa mchele wa nini?

Mjomba Idi: Dengu peke yake inakuwa laini mapema. Mchele ndio unaoshikilia ukavu.

Shangazi Mwajuma: Na chumvi, Zuhura. Chumvi mafuta YAKISHAPATA MOTO. Tia, geuza kwa vidole mara mbili tatu, ingiza karaini hapohapo. Usiende kupokea simu.

Zuhura: Mafuta nitajuaje?

Shangazi Mwajuma: Dondosha punje ya unga. Ikizama ikakaa, bado. Ikipanda mara moja inachemka pembeni, tayari. Ikiwa nyeusi, punguza.

Mjomba Idi: Mwenye kipimajoto, nyuzijoto 175 hadi 180 za Selsiasi. Na usijaze karai! Ukimwaga zote mafuta yanapoa, bamia zinachemka badala ya kukaangika. Mkono mmoja mmoja, zitawanye. Sikiliza: mwanzo zinapiga kelele sana, maji yanatoka. Kelele ikipungua, rangi ikiwa ya dhahabu, opoa.

Zuhura: Naingia jikoni.

---

Zuhura: [picha]

Zuhura: [picha]

Zuhura: JAMANI. Sikilizeni hii. [sauti, sekunde 6]

Salim: Hiyo ni bamia inalia hivyo???

Zuhura: Ni bamia! Nimezifuta moja moja mpaka kitambaa kimelowa. Unga umeshika wenyewe, chini ya karai hamna kitu. Mdogo amekula nne amesimama, ananiuliza ni nini hizi. Nimemwambia. Amechukua ya tano.

Shangazi Mwajuma: Alhamdulillah. Sasa nyunyizia unga wa embe bichi kavu, zikiwa bado za moto. Kama huna, ndimu, lakini mezani wakati wa kula, si kabla.

Zuhura: Ninao. Nimemwekea Bibi zake kwenye chombo cha mfuniko, Salim apitie.

Mjomba Idi: Toa mfuniko sasa hivi! Mvuke wake wenyewe utazilegeza. Ziache juu ya waya zipoe, Salim azichukue wazi.

Zuhura: Nimetoa, nimetoa.

Bibi: Nimesoma yote. Salim usizungukezunguke njiani, nataka nisikie huo mlio.