Bei ya mafuta ilishukaje chini ya sifuri mwaka 2020?

Swali: Ndugu zangu, naomba kueleweshwa. Tarehe 20 Aprili 2020 pipa la mafuta ghafi ya Marekani, yale ya WTI, lilifunga soko kwa dola 37.63 chini ya sifuri. Inakuwaje muuzaji amlipe mnunuzi ili achukue mali?

Jibu: Kilichouzwa siku ile ni mkataba wa kupokea mafuta mwezi Mei, uliokuwa unaisha kesho yake. Anayebaki nao hupokea mafuta yenyewe, mapipa 1,000 kwa kila mkataba, huko Cushing, Oklahoma, mji wa bara wenye matangi na mabomba. Kwa kuwa Korona ilikuwa imesimamisha magari na ndege, matangi mengi yalikuwa yamejaa au yamekwisha kukodishwa, na mfanyabiashara asiye na pa kuyaweka akaona heri alipe kuliko kuletewa.

Jibu: Ndiyo maana mafuta ghafi ya Brent, yale ya Bahari ya Kaskazini huko Ulaya, hayakushuka hivyo, kwani hayo hupakiwa melini, na meli yenyewe yaweza kuwa ghala. OPEC, umoja wa nchi zinazouza mafuta nje, na washirika wake walikubaliana kupunguza uzalishaji kwa mapipa milioni 9.7 kwa siku, ila punguzo lilianza Mei 1, mkataba ule ukiwa umekwisha.

Muulizaji: Basi mbona vituoni kwetu Tanzania petroli haikutolewa bure?

Jibu: Sisi hununua mafuta yaliyokwisha kusafishwa, si mafuta ghafi ya Cushing, na juu yake huja nauli ya meli, kodi na tozo, ambazo hazishuki kwa sababu soko la New York, linakouzwa mkataba wa WTI, limeanguka.