Naomba ushauri: kanga za marehemu bibi na batiki zangu

Asalaam aleikum ndugu zangu, na wakubwa shikamooni. Niko Bagamoyo, natengeneza batiki za mashati na magauni.

Mama amenipa kanga za zamani za marehemu bibi. Ipo kisutu ya nyekundu, nyeusi na nyeupe, na nyingine zina maandishi ya K.H.E. Mali ya Abdulla, alama ya wale wauza kanga wa Mombasa. Nazipenda mno. Aliyezichora alijua kupumzisha jicho: pindo limejaa, mji (ile sehemu ya katikati) umetulia, michoro ya korosho imekaa pembeni kwa kujiamini. Nataka utulivu huo uingie kwenye batiki zangu, lakini kila ninachochora kinaishia kuwa kanga ileile, tena hafifu.

Nimejaribu kukuza korosho moja ijaze kitambaa kizima. Kwenye karatasi ilipendeza. Kwenye kitambaa nta ikasambaa, vidoti vyote vikapotea. Natumia mihuri ya sponji. Nimejaribu pia bluu badala ya nyekundu, kisutu ikapoa kabisa (nyekundu ile nadhani si ya kuguswa).

Wachoraji, mnafanyaje kuchukua mpangilio wa kazi ya zamani bila kuinakili? Na mafundi wa batiki, vidoti na mistari myembamba mnaipiga kwa kitu gani nta isisambae: muhuri wa mbao, brashi, au kuna njia nyingine?

Wapo wanaonishauri nizikate kanga zenyewe nishone mikoba. Hilo sitaki, naomba tuliache. Anayetaka picha aseme, nitaziweka. Asanteni sana.