Jumuiya ndogo ya Kikristo Isevya: nani anapokea sala Jumamosi?

*Alhamisi*

[18:42] Mama Neema Katibu: Tumsifu Yesu Kristo. Jumamosi saa 12:30 asubuhi tunasali. Zamu ilikuwa kwa Baba Kulwa, ila mafundi wanapaua kwake. Nani anapokea?

[19:03] Mama Neema Katibu: Tiki za bluu naziona. Kaya 22 humu.

[19:20] Pendo: Milele amina 🙏

[19:21] Mama Neema Katibu: Pendo, hiyo amina ni ya salamu au umepokea?

[19:40] Pendo: Ya salamu katibu 😂

[19:46] Mama Neema Katibu: Haya, wakati mnafikiria. Injili ni Mathayo 13, mpanzi. Somo refu ni aya ya 1 hadi 23, fupi ni 1 hadi 9. Tunasoma FUPI. Tukisoma refu, Yesu anakuwa ameshaeleza maana ya njia, mwamba na miba, basi kwenye kushirikishana, hatua ya tano kati ya zile saba za sala yetu, watu wanarudia maelezo yale yale badala ya kusema Neno limewagusa wapi. Msomaji mmoja, Biblia moja. Mwenye Habari Njema asimkatishe mwenye Union kwamba "kwangu imeandikwa vingine". Hapo ndipo utulivu unapoharibika.

[20:01] Baba Kulwa: Katibu, hatua zote hizo za nini? Zamani ilikuwa rozari, matangazo, watu shambani.

[20:09] Mama Neema Katibu: Zamani hiyo hiyo michango ilikuwa inasomwa mpaka saa 3. Piga hesabu Baba Kulwa. Kumkaribisha Bwana dk 2. Kusoma dk 3. Kurudia neno au sentensi fupi iliyokugusa dk 7, unaisema mara tatu taratibu, unaacha nafasi kidogo, HUELEZI. Ukimya dk 4. Kushirikishana 15. Tendo 10. Sala 7. Jumla 48. Saa 1:18 tumemaliza, dk 12 zinabaki za matangazo na pesa. Pesa ikiingia kabla ya sala ya mwisho, asiyenacho anaondoka katikati na Jumamosi inayofuata haji.

[20:11] Fundi Joseph: Kushirikishana dk 15 tu? Mama Doto peke yake ni 20 😂😂

[20:12] Mama Doto: Nimekuona fundi

[20:13] Mama Neema Katibu: Kila mtu dk 1, aanze na "mimi", sio "ninyi mnapaswa". Akianza na "ninyi", kiongozi amwombe kwa upole amalizie. Na ukimya usijazwe na pambio. Dakika ya pili huwa kuna mtu anaona aibu anaanzisha wimbo. Acheni kuku wawike.

[20:20] Mama Doto: Ningepokea mimi ila sina vitafunio. Nina matobolwa tu, viazi vitamu vikavu.

[20:20] Fundi Joseph: MATOBOLWA 🔥🔥 nani ana karanga

[20:21] Pendo: Mimi nazo robo kilo

[20:22] Fundi Joseph: Jumuiya imekua kiimani ghafla

[20:23] Kulwa mdogo: 😂😂😂

[20:27] Mama Neema Katibu: Jamani. Tulikubaliana chai ya rangi, basi. Mmoja alipoweka chapati, wa pili akapika pilau, wa tatu kila zamu yake ikifika ana safari ya Nzega. Matobolwa hapana, sio kwamba sipendi.

[20:31] Mama Doto: Basi kwangu wanaenea watu 10. Mkeka wa jumuiya uletwe.

[20:38] Baba Kulwa: Uko wapi huo mkeka? Au umefuata njia ya turubai la jumuiya lililopotea?

[20:39] *Fundi Joseph: Ujumbe huu umefutwa*

[20:47] *Mama Shija ameondoka*

[20:52] Mama Neema Katibu: Baba Kulwa.

[20:58] Baba Kulwa: Sikutaja mtu.

[21:15] Mama Neema Katibu: Tuendelee. Msomaji nani? Anayejitolea asome aya hizo mara tatu nyumbani leo, "mia, sitini, thelathini" huwa zinawapiga chenga.

*Ijumaa*

[05:14] Mwalimu Katekista: Tumsifu Yesu Kristo wanangu. Nimesoma yote. Baba Kulwa, jumuiya hizi maaskofu wa AMECEA, umoja wa maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walizifanya kipaumbele mwaka 1976, na hatua saba zilitoka taasisi ya Lumko, Afrika Kusini. Hazikuletwa na katibu.

[05:19] Mwalimu Katekista: Hatua ya sita ndiyo tunayoiua. Tunaulizwa tutafanya nini, tunajibu "tuwaombee wagonjwa". Mgonjwa gani, siku gani, nani na nani wanakwenda, hakuna. Katibu haandiki, wiki ijayo hakuna anayeuliza. Tendo liwe moja, liwe na majina mawili na siku.

[05:26] Mwalimu Katekista: La kesho nimeshalipata. Daftari la vifaa liko kwangu. Aliyesaini kuchukua turubai si Mama Shija. Simtaji hapa. Someni Mathayo 5:23-24, kupatana kwanza na ndugu yako, kabla ya kufika kwenye mpanzi.

[06:02] Pendo: 🙏

[06:40] Mama Doto: Milele amina Mwalimu

[11:35] Mama Neema Katibu: Asante Mwalimu. Sasa jamani, kwa Mama Doto au wapi? Na msomaji?

[13:10] Fundi Joseph: Mkeka ninao mimi, naomba radhi, ulibaki kwenye baiskeli tangu kwa marehemu

[16:48] Baba Kulwa: Shikamoo Mwalimu. Nimesoma. Nitapita kwa Mama Shija jioni kama yupo.

[16:50] Mwalimu Katekista: Marahaba. Yupo.

[18:22] Mama Neema Katibu: Kwa hiyo ni kwa Mama Doto, nisipopata jibu lingine. Kama tutazidi 10, waliobaki wakae barazani. Mshumaa, msalaba na kitambaa cheupe viko kwa nani?

[18:23] Pendo: Kwa Mama Shija